Ridhaa, Riziki na Anayelipa: Uhakiki wa Mgawanyo wa Blogu za Kujifurahisha na Blogu za Kipato kutoka Kakoba na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mgawanyo uliozoeleka kati ya blogu inayoandikwa kwa kujifurahisha na blogu inayoandikwa kwa ajili ya kipato. Yanadai kwamba mgawanyo huo ulizaliwa katika mazingira ya waandishi wenye mishahara, na kwamba unapohamishiwa kwa waandishi wa makazi ya wakimbizi unaficha maswali mawili mazito zaidi: nani hasa anamlipa mwandishi, na malipo hayo yanamtaka aandike kwa lugha gani. Hoja inajengwa kwa kuyasoma mazingira ya uandishi ya Nakivale na Kakoba, nchini Uganda, kwa kuyalinganisha na uzoefu wa Kakuma, Dar es Salaam na muziki wa Kongo.

Utangulizi

Mjadala wa blogu katika Afrika Mashariki umezoea kuanza na swali moja: je, mwandishi anaandika kwa mapenzi yake au anaandika ili apate fedha? Swali hilo huulizwa katika semina za vijana na warsha za ujasiriamali, na kivuli chake huonekana hata katika nyaraka za wadhibiti wa mawasiliano. Aghalabu jibu huwa limekwisha kuandaliwa. Anayeandika kwa mapenzi husifiwa uhuru wake na kuhurumiwa ufukara wake. Anayeandika kwa fedha husifiwa juhudi yake na kutiliwa shaka ukweli wake. Kisha washauriwa huambiwa wachague, au waanze na la kwanza na kupanda polepole hadi la pili, kana kwamba ni ngazi.

Nilianza kulitilia shaka swali hilo nilipokuwa Kakoba. Kakoba ni sehemu ya Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Bishop Stuart. Wanaotoka Nakivale huja Mbarara kwa shughuli nyingi, na mojawapo ni kutafuta umeme wa uhakika, intaneti yenye kasi na mtu mwenye akaunti ya benki. Nikisikiliza mazungumzo ya vijana wa aina hiyo, sikusikia watu waliogawanyika kati ya mapenzi na fedha. Nilisikia watu wanaojua vyema nani analipa, analipia nini, na ni sentensi zipi hawezi kuzilipia. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuifuata.

Maneno tuliyonayo

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kwa ajili ya kazi ya mapumziko ambayo mtu huifanya kwa kuipenda tu. Kamusi hutupa uraibu, lakini neno hilo limekwisha kutekwa na sekta ya afya: anayesikia uraibu leo hufikiria kwanza dawa za kulevya. Zamani liliwahusu pia watafunaji wa tambuu. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna starehe, mazoea na utumwa kwa pamoja, jambo ambalo si baya kwa kueleza hali ya mwandishi wa blogu saa saba za usiku, lakini halifai kwa sera.

Neno lenye manufaa zaidi limetoka michezoni. Wanahabari wa Tanzania hutenganisha soka la ridhaa na soka la kulipwa. Ridhaa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuridhia: mtu amekubali mwenyewe, hakulazimishwa. Mchezaji wa ridhaa hafafanuliwi kwa kukosa fedha, anafafanuliwa kwa kukubali. Nadhani hapa lugha yetu imetutangulia. Ikiwa kinyume cha ridhaa ni kulazimishwa, basi kulipwa hakupo upande wa pili wa mstari hata kidogo: mtu anaweza kulipwa kwa ridhaa yake, na anaweza kuandika bure kwa kulazimika. Makala haya yatatumia istilahi blogu ya ridhaa kwa maana hiyo pana, na msomaji anisamehe kila ninapolivuta neno mbali kidogo na uwanja wa mpira.

Ridhaa ya mwenye mshahara

Historia ya uandishi wa Kiswahili ina waandishi wengi walioandika bila kuishi kwa kalamu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926. Washairi waliopeleka tungo zao katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, hawakuishi kwa mashairi yao. Walikuwa walimu, makarani, wakulima na wafanyabiashara. Tunapousifu uhuru wa kalamu zao tusisahau kwamba uhuru huo ulikuwa na mlezi, na mlezi aliitwa mshahara wa mwisho wa mwezi, au shamba, au duka.

Blogu za Kiswahili zilipoibuka katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii zilifuata njia ileile. Ndesanjo Macha, aliyeandika Jikomboe, alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango. Mwaka 2005 Issa Michuzi, ambaye tayari alikuwa mpigapicha wa magazeti ya serikali jijini Dar es Salaam, alianza blogu yake akiwa safarini Helsinki kwa msaada wa Macha. Blogu ya Michuzi baadaye ikawa chombo cha habari chenye matangazo na jina la kibiashara. Kisa hicho husimuliwa mara kwa mara kama ushahidi wa ile ngazi: anza kwa mapenzi, malizia kwa kipato. Lakini kisa kinachosimuliwa kimeacha nyuma sehemu yake muhimu zaidi. Wakati blogu ilipokuwa ya mapenzi, mwenye blogu alikuwa na kamera ya kazi, mtandao wa watu mashuhuri aliowajua kwa kazi, na ajira.

Pierre Bourdieu alieleza kwamba katika uwanja wa sanaa kutojali fedha ni aina ya mtaji, na kwamba anayeweza kuionyesha dharau hiyo aghalabu ni yule ambaye fedha imekwisha kumjali. Hoja hiyo ilitokana na fasihi ya Ufaransa ya karne ya 19, lakini inasomeka bila tabu ukiwa Mbarara. Mhadhiri wa chuo anayeandika blogu Jumamosi anaweza kusema hataki senti moja. Mkimbizi anayesema hivyo anasema jambo jingine kabisa, kwa kuwa saa mbili alizotumia kuandika ni saa mbili ambazo hakubeba zege, hakufyatua matofali na hakuuza dagaa.

Kakoba na Nakivale

Nakivale iko wilayani Isingiro, kusini mwa Mbarara. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Chimbuko lake ni wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wengi wa wakazi wake ni Wakongomani, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Uganda haina kambi zilizozungushiwa uzio kwa mtindo wa nchi nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na familia hupewa kipande cha ardhi. Ndiyo maana njia ya Nakivale na Mbarara ina watu kila siku.

Kiswahili ndicho kinachofanya njia hiyo ipitike. Mbarara huzungumza Runyankole, na ofisi zake huandika Kiingereza. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa miongo mingi kumbukumbu ya askari na kizuizi cha barabarani. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukifanya lugha rasmi na somo la lazima haukuifuta kumbukumbu hiyo kwa siku moja. Ndani ya Nakivale mambo ni tofauti. Mkongomani kutoka Kivu, Mrundi na Msomali aliyepita Kenya hukutana katika Kiswahili, ingawa kila mmoja ana chake: Kiswahili cha Kivu kina sarufi iliyolegezwa kwa namna yake na maneno ya Kifaransa yaliyozoeleka, na mwenye nacho huona haya anapokiweka kando ya Kiswahili cha redio. Aibu hiyo ni sehemu ya mada hii, kwa sababu blogu ya ridhaa ni miongoni mwa nafasi chache ambazo Kiswahili cha Bukavu na Uvira kinaweza kuandikwa bila mhariri wa kukisahihisha.

Hadhira ipo, basi. Swali ni iwapo hadhira hiyo inaweza kumlisha mwandishi, na kwa jinsi mifumo ilivyo, jibu ni hapana. Msomaji wa Nakivale hana cha kumlipa mwandishi, na mtangazaji wa kimataifa hana cha kumuuzia msomaji huyo. Huduma ya matangazo ya AdSense ilianzishwa mwaka 2003, na kwa miaka mingi haikuitambua lugha ya Kiswahili katika orodha ya lugha inazozihudumia. Mwandishi aliyetaka matangazo aliandika Kiingereza, au Kifaransa, au alichanganya. Napenda jambo hili litiliwe mkazo kwa kuwa mijadala yetu huwa na haraka ya kuzungumzia namna fedha inavyoharibu maudhui. Kabla ya kugusa maudhui, fedha hugusa lugha. Blogu inapovuka kutoka ridhaa kwenda kipato, mara nyingi huvuka pia kutoka Kiswahili.

Barua ya posta

Taratibu za malipo zina somo lake. Mwenye akaunti ya AdSense akifikisha dola 10 hutumiwa kwa posta, naam, posta ya karatasi, barua yenye tarakimu za siri za kuthibitisha anwani yake. Asipoziingiza hawezi kulipwa. Malipo yenyewe hutolewa akifikisha dola 100, na jina la akaunti lazima lilingane na kitambulisho na benki.

Msomaji wa Ulaya hupokea barua hiyo mlangoni. Uganda hatuna posta ya mlangoni, tuna masanduku. Mkazi wa Nakivale asiye na sanduku hana budi kuazima la parokia, la shule, au la rafiki wa mjini. Akifika hatua ya benki huenda akaazima pia jina. Hapo ndipo Kakoba inapoingia katika uchumi wa blogu ya mkimbizi: si kama soko la habari bali kama anwani. Mwenye anwani ndiye mwenye akaunti kwa mujibu wa mkataba, na wakikosana, mwandishi hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba kazi ni yake. Sheria ya nchi imempa haki ya kufanya kazi, ilhali fomu ya kampuni iliyoko bara jingine imemwomba sanduku la posta.

Mambo ya namna hii yanaweza kurekebishwa, na yamewahi kurekebishwa. Kwa muda mrefu wakimbizi nchini Uganda walipata tabu kusajili laini za simu kwa majina yao, hadi mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipokubali hati wanazopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike. Laini ya simu ikiwa na jina la mtu, pochi ya fedha za simu nayo hupata jina lake. Majukwaa ya matangazo hayajafika huko.

Mabanga

Ikiwa msomaji halipi na mtangazaji halipi, mbona wapo wanaopata fedha kwa kuandika? Hapa ndipo mgawanyo wa mapenzi na kipato unapovunjika kabisa, na ndipo uzoefu wa Wakongomani unapotusaidia zaidi ya vitabu vya masoko.

Mpenzi yeyote wa muziki wa Kinshasa anajua mabanga. Ni majina yanayotajwa na mwimbaji katikati ya wimbo: mfanyabiashara, mwanasiasa, mtu aliyeko ughaibuni, ambaye amelipa ili atajwe. Wimbo wa mapenzi unasonga, ghafla jina la mwenye maduka linapita, kisha mapenzi yanaendelea. Katika uandishi wa habari wa Kongo kuna desturi inayofanana nayo iitwayo coupage: mwandishi hupewa fedha na yule aliyekwenda kumwandika. Afrika Mashariki nasi tunaijua bahasha, tena kwa rangi yake ya kaki. Na katika taarabu tuna kutuza, mtu kuinuka na kumwekea mwimbaji noti, ingawa kutuza kuna heshima yake: anayetuza anafanya hivyo mbele ya watu wote, baada ya kusikia, na kwa sababu ubeti umemgusa. Mabanga hulipwa kabla. Bahasha hutolewa nyuma ya pazia. Tofauti kati ya aina hizi tatu za malipo ni kubwa kuliko tofauti kati ya kulipwa na kutolipwa, lakini sijaona mwongozo wa wanablogu unaoifundisha.

Mlipaji mkuu wa maandishi katika makazi ya wakimbizi ni shirika. Shirika linahitaji simulizi ya mafanikio kwa ajili ya ripoti na tovuti. Linamtafuta kijana anayeandika vizuri. Linampa posho, au simu, au kifurushi cha intaneti. Kijana anaandika juu ya mama aliyepata cherehani. Cherehani ipo, mama yupo, furaha yake ni ya kweli. Hakuna uongo popote. Kilichokosekana ni yale ambayo kijana angeyaandika juu ya mama huyohuyo kama asingelipwa na mwenye cherehani.

Nami niliwahi kuonja. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na taasisi moja, ambayo sitaitaja, niwape makala niliyokwisha kuiandika kwa ridhaa kuhusu soko la Nakivale. Walinipa bei nzuri. Waliomba mambo mawili: nitafsiri kwa Kiingereza, na niondoe aya moja iliyoeleza jinsi watu wanavyouza sehemu ya mgao wa mahindi ili walipe gharama za kusaga mahindi yanayobaki. Nilitafsiri. Aya niliiondoa pia. Sikuona wakati ule kwamba nimefanya kosa, na hata leo sina hakika niliite nini. Ninachojua ni kwamba aya ile ndiyo iliyokuwa sababu ya kuandika makala yenyewe, na kwamba toleo la Kiingereza lilisomwa na watu wengi kuliko la Kiswahili.

Mfano wa upande wa pili uko Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya. Tangu Desemba 2008 wakimbizi wa huko wamechapisha Kakuma News Reflector, maarufu kama KANERE, chombo cha habari huru cha wakimbizi kilichowekwa mtandaoni katika jukwaa la kawaida la blogu. Waandishi wake walitoka nchi mbalimbali na walijitolea. Waliandika juu ya maji, mgao, usalama na mienendo ya mashirika yenyewe. Kwa kufanya hivyo walijikuta katika mvutano mrefu kuhusu usajili na ufadhili, kwani wenye uwezo wa kufadhili walikuwa walewale walioandikwa. Nchini Kenya mkimbizi anayefanya kazi katika shirika hulipwa posho ya motisha, iliyo chini sana ya mshahara wa raia anayefanya kazi ileile. Kwa hiyo hata mfano wa kawaida wa ajira kambini ulikwishakuzoea kuchanganya kujitolea na kulipwa. Katika mazingira hayo kuiita KANERE blogu ya kujifurahisha kungekuwa dhihaka. Ilikuwa ya ridhaa kwa maana niliyoieleza: waliridhia, na wangeweza kukataa kuiondoa aya.

Nikilinganisha kisa changu na chao, naona kigezo ambacho mgawanyo wa kawaida hauna nafasi nacho. Muhimu si iwapo mwandishi analipwa. Muhimu ni iwapo anaweza kumkatalia anayelipa na bado akaandika kesho. Mhadhiri anaweza, kwa sababu ya mshahara wake; mimi niliweza, na sikufanya, jambo ambalo lina ubaya wake. Kijana wa Nakivale anayetegemea shirika moja kwa posho, kwa simu na kwa barua ya utambulisho hawezi, hata kama kila neno analoandika analipenda.

Ni vyema pia kulitazama neno kujitegemea, ambalo washauri wa sera hulitumia sana juu ya Nakivale. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Oxford ya mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, iliyohusisha Nakivale, Kyangwali na Kampala, ilisaidia kuvunja dhana kwamba mkimbizi ni mzigo mtupu. Ilionyesha watu wanaofanya biashara na hata kuwaajiri raia. Lilikuwa jambo jema. Lakini picha ya mkimbizi mjasiriamali imekuwa sasa kama fremu iliyotangulia picha. Julius Nyerere alipoandika juu ya kujitegemea mwaka 1967 alikuwa na maana ya jamii inayokataa kuamuliwa na mfadhili. Katika makazi, tangu mkakati wa kujitegemea wa mwaka 1999, neno limeshuka hadi kwa mtu mmojammoja na kuja na mizani. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani uliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wengine kupata asilimia 60 ya mgao, wengine asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajitegemea kutopata kitu. Mwaka 2025 upungufu wa fedha uliwaondoa watu wapatao milioni moja katika msaada huo. Katika hali hiyo blogu inayotangaza kipato chake si jambo la fahari pekee. Si ajabu mtu akapendelea blogu yake ionekane ya kujifurahisha.

Kizuizi kiko wapi

Serikali za kanda hii zimeijibu hoja ya mapenzi na kipato kila moja kwa kuweka kizuizi mahali tofauti, na mahali pa kizuizi panasema mengi kuliko dibaji za sheria.

Tanzania iliweka kwenye kitendo cha kuchapisha. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka: jumla ya shilingi 2,100,000 katika mwaka wa kwanza, sawa na dola zipatazo 930, katika nchi ambayo pato la wastani la mtu kwa mwaka lilikuwa karibu na hapo. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kanuni hazikuuliza iwapo blogu ina matangazo. Mwenye kuandika mapishi ya bibi yake na mwenye kampuni ya habari walisimama kwenye dirisha moja. Matokeo yalitabirika: waliokuwa na kipato walilipa na kukihesabu kama gharama ya biashara, wa ridhaa wakanyamaza. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa baada ya hapo, lakini mwandishi aliyefunga blogu yake mwaka 2018 hafunguliwi na marekebisho.

Kenya iliweka kwenye fedha yenyewe. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi. Waundaji wa maudhui waliilalamikia, na walikuwa na sababu zao, lakini kwa mantiki ya mjadala wetu ni kizuizi kinachomsubiri mwandishi hadi apate.

Uganda iliweka mlangoni mwa msomaji. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 kwa siku, yaani 73,000 kwa anayelipa mwaka mzima. Blogu zenyewe hazikuwa katika orodha hiyo, lakini katika makazi kiungo cha blogu husafiri kwa WhatsApp, na WhatsApp ilikuwemo. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwa vifurushi vya intaneti. Tume ya Mawasiliano nayo ilitangaza, mwaka 2018 na tena 2020, kwamba wachapishaji wa mtandaoni wajisajili kwa ada ya dola 20. Juu ya hayo, Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na wasomaji wengi huifikia kwa VPN. Matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo: msomaji aliyekaa Kakoba huhesabiwa na mashine za matangazo kuwa yuko Uholanzi au Marekani. Takwimu zinazomwambia mwandishi ana wasomaji ughaibuni huenda zinamwonyesha jirani zake.

Ukiziweka njia hizi tatu pamoja, ya Kenya ndiyo pekee inayotambua kwamba kuna wakati ambapo uandishi bado si biashara. Ningependekeza kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo ina haki ya kulisemea suala hili kwa kuwa linaigusa lugha, itake kinga ya wazi ya ada na leseni kwa maandishi ya Kiswahili yasiyo na mapato. Pendekezo hili si la hisani. Kama nilivyoeleza, ridhaa ndiko Kiswahili kinakoandikwa; anayeitoza ridhaa anaitoza lugha.

Kinga ya ada, hata hivyo, haimalizi tatizo la mkimbizi. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, katika kifungu cha 3, unazitaka nchi wanachama zimzuie mkimbizi kuishambulia nchi nyingine mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Waliouandika hawakuijua blogu, lakini hakuna anayedhani kwamba haimo. Januari 2025 Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi uliofuata, wapo Nakivale waliokuwa na ndugu katika mitaa iliyotajwa kwenye habari, na walikuwa na mengi ya kuandika kwa Kiswahili cha mitaa hiyo. Anayeandika juu ya cherehani analipwa na hana wa kumwogopa. Anayeandika juu ya Goma halipwi na mtu, na hajui kama aliyoyaandika ni maombolezo, habari, au kosa la kisheria. Katika ratiba za warsha za wanablogu nilizopata kuziona Mbarara, kulikuwa na saa mbili za namna ya kupata wafuasi na saa moja ya picha. Mada ya kifungu hicho haikuwepo.